Yule Mtu wa Sinema Haruki

Ndugu msomaji, bila shaka hata kijijini kwako lipo banda la video. Kwetu hapa Sigi, chini ya milima ya Amani, lipo moja lenye paa la bati, mabenchi ya mbao na televisheni moja ukutani. Jioni, watu wakisha kutoka mashambani kwenye iliki na pilipili manga, vijana hulijaza banda hilo hata wengine wakachungulia dirishani. Wapenda nini? Wapenda picha za kungfu, na hasa zile za zama zijazo, ambamo watu huruka toka paa hata paa, hupigana na mashine, na hukwepa risasi kama wewe unavyokwepa tawi njiani.

Mwezi uliopita mtoto mmoja wa hapa kwetu, mwenye miaka 11, alipanda juu ya mfenesi, akaruka huku akirusha teke kama alivyoona bandani. Alianguka, akavunjika mkono. Jumapili iliyofuata wazazi walikusanyika nje ya kanisa, wakasema banda lifungwe. Kwa kuwa mimi ni karani wa parokia, niliombwa niandike barua kwa mwenyekiti wa kijiji.

Kabla ya kuandika nilikwenda kumtazama mtoto. Nikamwuliza, "Uliporuka ulitazamia nini?" Akajibu, "Mwalimu, nilidhani yule mtu anaweza kwa sababu amefanya mazoezi. Na mimi nilifanya mazoezi wiki nzima."

Jibu hilo lilinifunza jambo. Mtoto yule si mtundu wala si mpumbavu. Ila hakuna aliyemwambia. Basi leo nataka nikueleze wewe mzazi namna picha hizo zinavyotengenezwa, ili nawe uwaeleze watoto wako nyumbani.

Shujaa aliyekuwa mgonjwa wa shingo

Picha aliyoitazama mtoto yule yaitwa The Matrix. Ilitoka mwaka 1999. Hadithi yake ni ya zama zijazo: mashine zimewatawala wanadamu, zimewalaza usingizi, na kuwaotesha ndoto kwamba wanaishi maisha yao ya kila siku. Kijana mmoja, jina lake Neo, aamshwa katika usingizi huo, afundishwa kupigana, kisha asimama kuwakomboa wenzake. Mwigizaji wake ni Keanu Reeves. Picha ilipigwa huko Sydney, Australia, na gharama yake ilikuwa kama dola milioni 63 za Kimarekani.

Sasa tazama kazi iliyofanyika. Watengenezaji walimwita fundi wa kungfu kutoka Hong Kong, Yuen Woo-ping, aliyekuwa amekwisha kupanga mapigano ya sinema kwa miaka mingi. Huyu aliwataka waigizaji wafanye mazoezi kwa miezi kadhaa kabla ya kupigwa picha hata moja. Tena Keanu Reeves alikuwa ametoka kupasuliwa mifupa ya shingo, hata ikabidi asirushe mateke ovyo. Ukiangalia vizuri utaona kwamba katika picha ile apigana kwa mikono kuliko kwa miguu. Yule shujaa asiyeshindwa na risasi kumbe alikuwa mgonjwa, akifuata amri ya daktari!

Je, aruka namna gani? Haruki. Mwigizaji hufungwa mkanda madhubuti chini ya nguo zake. Mkanda huo hushikizwa nyaya nyembamba za chuma, na nyaya hupita juu. Upande wa pili wapo watu wenye nguvu, nao huvuta, kama uvutavyo ndoo kutoka kisimani. Chini hutandikwa magodoro. Picha ikisha kupigwa, mafundi wa kompyuta hukaa kuzifuta nyaya zile, picha moja baada ya nyingine, hata zisionekane kabisa. Wewe bandani waona mtu tu, naye yu hewani. Hizo kamba na wale wavutaji huwaoni.

Na zile risasi? Hazikuwapo. Mwigizaji alisimama katikati ya mviringo wa kamera kama 120, naye amefungwa nyaya, akajipinda nyuma polepole. Kamera zikapiga moja baada ya nyingine, kila moja kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Picha hizo zilipounganishwa, ikawa kama jicho lako lamzunguka mtu yule na wakati wenyewe umesimama. Risasi zilichorwa baadaye kwa kompyuta.

Tena mahali pale palizungushwa rangi ya kijani pande zote. Kwa nini kijani? Kwa sababu ngozi ya mtu na nywele zake hazina rangi hiyo. Kompyuta huambiwa, "Ondoa kila kilicho kijani, weka mahali pake picha ya mji." Ndivyo mtu aliyesimama ndani ya nyumba aonekanavyo juu ya ghorofa ndefu. Kazi hiyo ilisifiwa sana, hata mwaka 2000 picha ile ikapewa tuzo 4 za Oscar, na moja ni ya kiinimacho hicho.

Fundi wa matofali huko Wakaliga

Huenda utasema, "Hayo ni mambo ya Wazungu wenye fedha." Sivyo, ndugu. Twende kwa jirani zetu wa Uganda.

Katika mji wa Kampala, sehemu ya Rubaga, ambako ndiko liliko kanisa kuu la Wakatoliki, kuna mtaa wa watu maskini uitwao Wakaliga. Huko akaa Isaac Nabwana, aliyezaliwa mwaka 1973. Alipokuwa mtoto hakwenda sinema. Kaka yake ndiye aliyekwenda, naye akirudi alimsimulia yote aliyoyaona: nani alimpiga nani, na gari lipi lilipinduka. Nabwana akaziona picha zile akilini mwake kabla ya kuziona kwa macho.

Alipokuwa mtu mzima alifyatua matofali ili apate riziki. Alianza masomo ya kutengeneza kompyuta, lakini ada ilimshinda, hakuyamaliza. Yaliyobaki alijifundisha mwenyewe. Mwaka 2005 alianzisha kampuni yake, akaiita Ramon, jina alilolipata kwa kuunganisha majina ya bibi zake wawili, Rachel na Monica. Hivi ndivyo mtu anavyowaheshimu wazee wake.

Mwaka 2010 alitoa picha iliyokwenda mbali kuliko alivyotazamia, nayo yaitwa Who Killed Captain Alex? Ni hadithi ya kapteni wa jeshi anayepigana na genge la wahalifu. Auawa, na ndugu yake, bingwa wa kungfu, ajitokeza kumtafuta muuaji. Husemwa kwamba picha ile haikugharimu hata dola 200. Pigia hesabu: dola milioni 63 ni mara 315,000 ya fedha hiyo!

Waigizaji ni majirani wa mtaa, nao hawakulipwa mshahara. Bunduki zilitengenezwa na fundi wao, Dauda Bisaso, kwa mbao na vyuma chakavu. Baadaye fundi huyo alijenga hata helikopta ya vyuma, isiyoruka. Moto wa bunduki, moshi, na nyumba zinazobomoka katika picha, vyote Nabwana alivitia kwa kompyuta aliyoiunga kwa vipande vya kompyuta kuukuu. Hapo awali walitumia damu ya ng'ombe kuonyesha majeraha, lakini mmoja wao aliugua. Tangu hapo wakatumia rangi ya chakula. Mwigizaji huficha chini ya shati kifuko chembamba chenye rangi hiyo, nacho hupasuliwa kwa kuvutwa uzi.

Picha ilipokwisha, waigizaji wenyewe waliibeba mkononi na kuiuza nyumba kwa nyumba. Iliwapasa kufanya haraka, maana baada ya siku chache wezi waliinakili na kuiuza wao. Na jambo moja la kusikitisha: kwa kuwa kompyuta ilikosa nafasi, Nabwana alilazimika kuifuta picha ya asili ya Captain Alex ili atengeneze nyingine. Iliyobaki ni ile nakala ya diski.

Lakini kazi yake haikupotea. Kipande kifupi cha picha ile kilienea katika intaneti, watu zaidi ya milioni wakakitazama. Mmarekani mmoja kutoka New York, Alan Hofmanis, alikiona, akafunga safari mwaka 2011 hata Wakaliga, kisha akahamia huko kufanya kazi nao. Mwaka 2015 waliomba msaada wa dola 160 ili watengeneze picha nyingine. Watu wa nchi mbalimbali wakawapa zaidi ya dola 13,000. Mwaka 2019 picha yao Crazy World ilionyeshwa katika tamasha kubwa la sinema mjini Toronto, Kanada. Na watoto wa mtaa ule wafundishwa kungfu na Bruce U, yule yule aliyeigiza ndugu wa kapteni. Waanguka, wainuka, lakini chini ya macho ya mwalimu.

Sauti ya msimulizi

Kuna jambo jingine la kujifunza kwao. Katika picha ile yumo mtu aitwaye VJ Emmie, ambaye haonekani, ila sauti yake yasikika toka mwanzo hata mwisho. Aeleza, acheka, awatania waigizaji. Desturi hii twaijua sisi pia. Dar es Salaam alisifika Lufufu kwa kuzisimulia picha za kigeni kwa Kiswahili, na Kenya wanaye DJ Afro. Mtazamaji asiyejua Kiingereza wala Kichina hupata hadithi yote kwao.

Mimi naona kwamba faida yao si lugha peke yake. Mtu anapotaniwa huku akipigana, mtoto atambua mara moja kwamba huu ni mchezo. Hatari huingia pale mtoto anapokaa gizani peke yake, hakuna wa kumwambia neno. Basi mzazi, yakupasa wewe uwe msimulizi wa mwanao. Mwulize, "Leo umeona nini?" Mwache asimulie, kama kaka yake Nabwana alivyosimulia. Kisha mwambie habari za mkanda, nyaya, magodoro na kitambaa cha kijani. Usiogope kwamba utamharibia furaha. Mtoto akijua siri ya kiinimacho humpenda fundi zaidi, ila haruki kutoka juu ya mfenesi.

Barua niliyoiandika

Niliwasomea wazazi haya yote, nao wakakubali kubadili maneno. Barua haikuomba banda lifungwe. Iliomba mambo matatu: watoto wa shule wasiingie saa za masomo, wasiingie usiku bila mtu mzima, na picha za kumwaga damu nyingi zisionyeshwe mbele yao. Mwenyekiti aliikubali. Mwenye banda alinung'unika kwanza, kwa maana watoto ndio wateja wake wengi, lakini naye ni baba wa watoto, akakubali.

Wiki iliyopita nilipita pale jioni. Mtoto wa mfenesi alikuwa amekaa benchi la mbele kando ya baba yake, mkono ungali umefungwa. Mwenye banda alipokuwa akitia diski, alisimama mbele ya watu akasema, "Watoto, sikilizeni. Yule mtu haruki. Amefungwa kamba."

Mtoto yule akageuka kwa wenzake, akasema, "Na kamba zenyewe wamezifuta kwa kompyuta." Kisha taa ikazimwa, picha ikaanza.