Je, Wajua? Maji ya Bomba la Nyuma ya Ukuta

Je, wajua kwamba kiyoyozi cha Thongpiny kinaweza kunguruma mchana kutwa mwezi Machi, jua la Juba likiwa limefika kileleni, kisitoe hata tone la maji, kisha Julai hewa ikiwa imepoa kikajaza ndoo? Katika mtaa huu wa jirani na uwanja wa ndege, wenye hoteli na nyua za mashirika, wengi hudhani joto ndilo linalokamua maji hayo. Sivyo. Hewa ya nyuzi 38 yenye unyevu wa asilimia 20 hubeba gramu 9 hivi tu za maji katika kila mita ya ujazo, na koili, yaani mabomba baridi ya ndani ya kiyoyozi, yenye ubaridi wa nyuzi 10 haina cha kuipokonya. Mvua zikishakolea, hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 75 hubeba gramu 20, na ikipozwa sawasawa hadi nyuzi 10 huacha zaidi ya nusu yake kwenye koili. Fundi anayeitwa mwezi Machi kwa sababu "bomba halitoi maji" ana haki ya kucheka kidogo kabla ya kudai nauli ya boda boda.

Wito wa kweli huja baadaye. Vumbi la kiangazi hulala kwenye trei iliyo chini ya koili, na unyevu ukirudi hugeuka tope na ute unaoziba bomba. Maji yakikosa njia hurudi chumbani na kuteremka ukutani.

Kukausha hewa ndiyo kazi ambayo mashine hii ilibuniwa kuifanya. Mwaka 1902 Willis Carrier alichora mtambo kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, New York, ambako karatasi zilivimba na kunywea kwa unyevu hata rangi zikakosa kuoana. Wachapaji kupata ubaridi ilikuwa nyongeza tu.

Katika mji kama Juba unaonunua maji kutoka kwenye malori, ndoo hiyo ya kiyoyozi inatamanisha. Ipeleke chooni, kwenye maua au kwenye sakafu, lakini usiinywe: yaliyomo hayana chumvichumvi, ila yameosha vumbi na vijidudu vyote vya koili. Dubai hawayatupi. Jengo la Burj Khalifa hukusanya lita milioni 57 hivi kwa mwaka na kunyweshea bustani zake.

Sasa twende Omaha, jimbo la Nebraska, ambako Wasudani Kusini wengi wamehamia na ambako baridi hushuka chini ya sifuri. Huko mashine inayodondosha maji inaweza kuwa boila ya gesi ya kupasha nyumba moto. Mita moja ya ujazo ya gesi asilia ikiungua huzaa lita moja na nusu hivi ya maji, yakiwa mvuke. Boila za zamani ziliurusha mvuke huo nje pamoja na joto lake. Boila za kisasa huupoza moshi chini ya nyuzi 55 hivi, mvuke ukawa maji, na joto lililofichika humo likarudi ndani ya nyumba. Uingereza na Wales zilizifanya karibu za lazima kwa boila mpya za gesi kuanzia Aprili 2005.

Ila maji haya si ndugu wa yale ya Thongpiny. Yamepitia moshi, yakabeba asidi zake, na pH yake huwa kati ya 3 na 5, ukali wa juisi ya nyanya hivi. Yakitiririka kila siku hula mabomba ya chuma, shaba na saruji, ndiyo maana mara nyingi hupitishwa kwanza kwenye kopo la plastiki lililojazwa vipande vya mawe ya chokaa au marumaru. Jiwe huliwa, asidi hufa, maji yakatoka yamepoa ukali. Wazanzibari wanaijua kemia hii bila kuiita jina: mapango ya chokaa ya matumbawe kisiwani yalichongwa na maji ya mvua yenye asidi hafifu tu, kwa maelfu ya miaka. Kopo la boila halina subira hiyo.

Basi kopo hilo hufunguliwa angalau mara moja kwa mwaka, ni vyema kabla ya majira ya baridi, boila ikiwa imezimwa na mikono imevaa glavu. Mawe yaliyopungua huongezwa. Yaliyofunikwa na ute wa kahawia huoshwa au kubadilishwa, kwa sababu jiwe lililovikwa tope halikutani na asidi hata kopo likionekana limejaa. Hili ndilo linalowapita wengi. Karatasi ya kupimia pH ikichovywa kwenye maji yanayotoka humaliza ubishi, na kwa bei yake sioni kwa nini mtu akisie.

Karibu na kopo kuna mtego wa maji, bomba lililopinda. Ukishausafisha ujaze maji tena kabla ya kuwasha, maana ndiyo yanayozuia moshi wenye kaboni monoksidi usirudi ndani ya nyumba. Na boila ikijizima yenyewe usiku wa theluji, kagua kwanza kipande cha bomba kilicho nje. Huenda maji yameganda humo, na maji ya vuguvugu, si ya kuchemka, yakimwagwa juu yake hulizibua.