JIBU LISILO NA SABABU
Maelezo juu ya mafumbo ya maneno ya magazetini

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wasomaji wa gazeti letu, huenda mmewaona baadhi yetu Jumamosi mchana katika maktaba, vichwa vimekutana juu ya gazeti moja kuukuu la Kiingereza, mkajiuliza twasoma habari gani ya ajabu. Hatusomi habari. Twafumbua fumbo la maneno. Napenda kueleza kazi hiyo ni ya namna gani, na jinsi ilivyonifundisha jambo ambalo ilinipasa nilijue tangu zamani.

Fumbo la kwanza la namna hii lilitungwa na Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool aliyehamia Marekani. Lilitokea katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913. Siku hizo vidokezo vilikuwa vyepesi: vilitaja maana tu, nawe ukajaza neno katika vijumba. Waingereza walipoupokea mchezo huo wakautia hila. Mwaka 1926 Edward Powys Mathers, aliyejiita Torquemada, alianza kutunga katika gazeti la Jumapili liitwalo The Observer mafumbo ambayo vidokezo vyake husema jambo moja na kukusudia jingine. The Times nalo lilianza kuchapa fumbo lake mwaka 1930, na hata leo halijaacha.

Kidokezo cha hila kina sehemu mbili. Moja ni maana ya neno linalotafutwa, nayo huwa mwanzoni au mwishoni mwa kidokezo, haikai katikati. Ya pili ni njia ya kulijenga neno lile lile kwa herufi zake. Sehemu hizo zimeungwa zikawa sentensi moja, nayo hiyo sentensi ndiyo mtego. Namba iliyo katika mabano ni hesabu ya herufi za jibu.

Mafumbo tuyafumbuayo ni ya Kiingereza, lakini ili wazazi wetu na ndugu zetu wa Kidato cha Kwanza wasiachwe nyuma, nimetunga mifano kwa Kiswahili.

"Hekima mbaya imemficha mnyama wa mtoni (5)." Usitafute mzee mwenye hekima. Maana ni "mnyama wa mtoni", na neno "imemficha" latuambia kwamba jibu limefichwa ndani ya "hekima mbaya". Soma herufi mbili za mwisho za neno la kwanza pamoja na tatu za mwanzo za neno la pili: MAMBA.

"Samaki wamevurugwa majira ya mvua (6)." Hapa herufi za "samaki" ndizo zilizovurugwa. Zipange upya upate MASIKA.

"Shusha kichwa amani irudipo nyuma (5)." Lisome neno "amani" kutoka mwisho kuja mwanzo, utapata INAMA, yaani shusha kichwa.

"Mnyama wa porini yuko juu ya nyumba (3)." Hiki kina maana mbili za neno moja, basi: PAA.

"Mwanzo wa kazi umo ndani ya chai: chombo cha mwalimu (5)." Mwanzo wa "kazi" ni herufi K. Itie ndani ya "chai", utapata CHAKI. Nilipompa kidokezo hiki mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Kwanza, aliandika FIMBO bila kusita. Tulicheka sana, lakini tazameni: herufi ni tano, na maana, kwa wengine, yakubalika! Kosa lake ni kwamba hakuuliza chai imekwenda wapi.

Mimi sina haki ya kumcheka, kwani kosa langu lilikuwa kubwa kuliko lake. Mwaka jana niliona kwamba majibu ya fumbo huchapwa katika gazeti la siku ya pili yake. Nikayanakili yote, nikampelekea mwalimu wetu fumbo lililojaa. Akanisifu mbele ya darasa. Kisha akaweka kidole juu ya neno moja, akauliza, "Hili limetokeaje?" Nikajibu, "Limeenea katika vijumba, mwalimu." Akasema, "Hata kokoto huenea ndani ya kiatu." Darasa zima likanyamaza, nami nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Hakunipiga wala hakunifukuza. Alinirudishia karatasi yangu, akaniagiza nieleze neno moja kila siku mpaka yaishe. Yalinichukua nusu ya muhula.

Tangu siku hiyo twaweka daftari. Kila fumbo likiisha twaandika jibu, maana yake, njia yake, na mwisho hukumu yetu: kidokezo hiki ni cha haki au si cha haki? Kipimo chetu ni cha Derrick Macnutt, mwalimu wa Kilatini na Kiyunani, ambaye kwa jina la Ximenes alitunga mafumbo ya The Observer tangu mwaka 1939 hadi alipofariki mwaka 1971. Katika kitabu alichotoa mwaka 1966 alifundisha kwamba kidokezo chema kina maana iliyo sawasawa, njia ya haki, wala hakina kingine cha ziada. Kama ningaliandika "Samaki na majira ya mvua" pasipo neno la kuamuru herufi zivurugwe, ningalikuwa nimemdhulumu msomaji. Mtunzi ana ruhusa ya kukupoteza njia, lakini hana ruhusa ya kukudanganya.

Wako wasemao kwamba kazi hii yatupotezea wakati katika mwaka wa mtihani. Mimi naona kinyume. Zamani katika hesabu nilikuwa nikitazama majibu nyuma ya kitabu, kisha nikibuni njia ya kuyafikia. Sasa nikipata jibu nisiloweza kulieleza, naliona kuwa bado si langu. Alama zangu hazikupanda upesi. Kwanza zilishuka, maana niliacha kunakili. Lakini zile nizipatazo sasa najua zimetoka wapi.

Basi wasomaji, nawaachia kimoja: "Hesabu ya mafiga, kisha herufi ya kwanza kabisa: fumbua (5)." Atakayekipata na atufuate maktabani Jumamosi. Lakini asituletee neno tupu. Aje na sababu yake.