Mahali pa Injini Katika Motokaa

Viongozi wa vikundi, hakikisheni kwamba kila mtu amepata mahali pa kukaa na kwamba anasikia vizuri. Kwa somo la leo mtahitaji fimbo moja ya urefu wa mita 1 hivi, mawe mawili yaliyo sawa kwa uzito, na kipande cha kamba.

Kikundi cha Mtabila, huko Kasulu, kimeuliza swali zuri. Vijana wa kikundi hicho waliona picha ya gari dogo la mbio. Boneti ilikuwa wazi, lakini ndani yake hamkuwa na injini. Palikuwa na nafasi ya kutia begi dogo tu. Basi wakauliza: Injini iko wapi? Kwa nini imewekwa huko? Na je, gari la namna hiyo laweza kutumika kila siku, hata katika barabara za Kasulu na Kibondo? Tutayajibu maswali hayo matatu, moja baada ya jingine.

Kwanza, injini iko wapi? Magari mengi mnayoyaona huwa na injini mbele, chini ya boneti. Land Cruiser ni hivyo. Magari mengine huwa nayo nyuma kabisa, kupita magurudumu ya nyuma. Volkswagen ndogo ya zamani, yenye mgongo wa duara, ilikuwa hivyo. Lakini kuna namna ya tatu. Injini huwekwa nyuma ya mgongo wa dereva, lakini mbele ya magurudumu ya nyuma. Gari la namna hiyo twasema lina injini ya katikati, na ndilo mliloliona katika picha.

Pili, kwa nini iwekwe huko? Sasa chukueni fimbo na mawe. Fungeni jiwe moja katika ncha hii na jiwe la pili katika ncha ile. Mtu mmoja aishike fimbo katikati kwa mkono mmoja, aizungushe upesi kushoto na kulia. Ataona kwamba fimbo ni nzito kuianzisha, na ikisha kwenda ni nzito kuisimamisha. Sasa yasogezeni mawe yote mawili mpaka yaguse mkono. Zungusheni tena. Mwaona? Fimbo ni ile ile, mawe ni yale yale, uzito haukupungua hata kidogo. Lakini sasa fimbo inatii mkono.

Gari nalo ni hivyo. Injini ni miongoni mwa vitu vizito kuliko vyote katika gari. Ikiwa karibu na katikati, gari hugeuka upesi dereva anapopinda usukani. Tena uzito wake huyakandamiza magurudumu ya nyuma, ambayo ndiyo yanayolisukuma gari, nayo hushika barabara vizuri zaidi.

Tatu, gari hilo laweza kutumika kila siku? Kwa miaka mingi magari mengi ya injini ya katikati yalikuwa ya mashindano na ya matajiri. Mwaka 1984 kampuni ya Toyota ya Japani ilitoa gari lililoitwa MR2. Jina hilo lilifupisha maneno yenye maana ya gari la injini ya katikati, la kwendea huku na huku, la watu wawili. Lilikuwa na injini ya lita 1.6, ya aina ile ile iliyotumiwa katika baadhi ya magari ya Corolla, kwa hiyo haikuwa kitu kigeni kwa mafundi. Gari zima lilikuwa na uzito wa kilo 1,000 hivi. Mtu aliweza kulipeleka kazini asubuhi na kurudi nalo jioni. Mwaka 1990 kampuni ya Honda nayo ilitoa NSX, gari la bei kubwa na la mbio sana, lakini rahisi kuendesha hata mjini.

Basi mtu asema, "Na liletwe Mtabila!" Ngoja kwanza. Kila faida ina bei yake. Gari hilo lina viti viwili tu, maana mahali pa viti vya nyuma pamechukuliwa na injini. Mzigo wake ni mdogo. Fundi hupata taabu kuifikia injini katika nafasi finyu. Rejeta ya MR2 iko mbele na injini iko nyuma, kwa hiyo mabomba ya maji hupita chini ya gari, na gari lenyewe liko karibu na ardhi. Tena kumbukeni ile fimbo: kitu kinachogeuka upesi chaweza pia kuzunguka upesi. Magurudumu yakiteleza katika udongo mwekundu uliolowa, dereva asiye na mazoezi hana nafasi ya kujirekebisha.

Magari ya injini ya katikati yamepata kujaribiwa katika barabara za Afrika ya Mashariki. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, na siku zile yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1962 yalishindwa na Volkswagen yenye injini nyuma. Mwaka 1975 yalikuja magari ya Lancia Stratos kutoka Italia, yenye injini ya Ferrari katikati. Sandro Munari akawa wa pili na Björn Waldegård wa tatu. Nani alikuwa wa kwanza? Alikuwa Ove Andersson, ndani ya Peugeot 504, gari la injini mbele ambalo watu wengi walilitumia kwa safari zao za kawaida. Baadaye ikaja Peugeot 205 Turbo 16, yenye injini katikati. Hiyo ilikuwa bingwa wa dunia mwaka 1985 na 1986, lakini Safari haikuishinda. Basi wepesi wa kugeuka ni jambo moja, na kustahimili mashimo, vumbi na tope ni jambo jingine.

Je, somo hili lina faida gani kwenu, nyinyi msio na haja ya gari la mbio? Lina faida kubwa, maana kila siku mnapanda gari ambalo uzito wake hupangwa na watu wa stendi. Ichukueni Hiace ya abiria. Injini yake iko chini ya viti vya mbele. Fundi huinua kiti ili aifikie. Mhandisi ameweka kitu kizito chini. Kisha anakuja utingo, anapandisha juu ya keria magunia 5 ya maharagwe, kila gunia kilo 100. Fanyeni hesabu. Hizo ni kilo 500, nusu ya uzito wa ile MR2 nzima, juu ya vichwa vya abiria! Gari likifika katika kona, uzito wote ule huvuta kwenda nje, magurudumu ya upande wa ndani huwa mepesi, na gari hupinduka.

Mizigo mizito ikirundikwa nyuma kabisa, kuna hatari nyingine. Mwenye baiskeli anayepanda mlima na gunia la mihogo nyuma anaijua: gurudumu la mbele huinuka na usukani hautii. Gari nalo, mbele yake ikiwa nyepesi, hukataa kupinda.

Basi shikeni kanuni hizi. Kilicho kizito kikae chini. Kikae katikati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Kifungwe kwa kamba kisisogee. Vilivyo vyepesi ndivyo viwekwe juu. Na mzigo ukizidi, usubiri gari jingine. Abiria, msione haya kumwambia utingo ashushe magunia. Nauli ya safari ya pili ni ndogo kuliko gharama ya mazishi.

Sasa zungumzeni katika vikundi vyenu:

1. Kwa nini fimbo ilitii mkono mawe yaliposogezwa katikati?

2. Gari la injini ya katikati lina faida gani, na lina hasara gani katika barabara ya udongo?

3. Mara ya mwisho mliposafiri, mizigo mizito iliwekwa wapi? Nani alikuwa na wajibu wa kusema, naye alisema?

Kwaherini, wasikilizaji, mpaka somo lijalo.