Alfajiri ya Utemini na usalama wa mabinti wanaokimbia

Swala ya Alfajiri inapokwisha hapa Utemini, kiza huwa bado hakijaondoka. Singida iko mbali magharibi ya Dar es Salaam, na jua letu huchelewa kuchomoza kwa zaidi ya robo saa likilinganishwa na la pwani. Mwenye kufuata ratiba ya mazoezi aliyotumiwa kwenye simu na ndugu yake wa Dar es Salaam hujikuta barabarani usiku haujaisha. Hata hivyo watu wanatoka. Wapo vijana, wapo wazee walioonywa na madaktari juu ya sukari na shinikizo la damu, na wapo wanawake, wawili wawili, mitandio imefungwa barabara na raba miguuni.

Tangu Alphonce Simbu, mzaliwa wa mkoa huu, atwae ubingwa wa dunia wa marathoni jijini Tokyo tarehe 15 Septemba 2025, kukimbia si jambo la kuonewa haya tena. Ila wazazi wa mabinti wana swali lao: je, mtoto wa kike atakuwa salama? Jibu jepesi, ambalo tumelisikia barazani mara nyingi, ni kwamba abaki nyumbani. Sisi hatuliafiki.

Katika Sunan ya Abu Daud imepokewa kuwa Bi Aisha (r.a.) alishindana mbio na Mtume (s.a.w.) safarini, akamshinda, na baada ya muda, mwili wake ulipokuwa umenenepa, Mtume akamshinda yeye. Riwaya nyingine inaeleza kwamba Mtume kwanza aliwaamuru masahaba watangulie mbele. Sehemu hii ya kisa husimuliwa kwa nadra, nasi tunaiona kuwa kubwa. Sitara iliandaliwa kwanza, kisha mwanamke akakimbia. Hakunyimwa mbio kwa sababu kuna watu njiani.

Tena nyumbani penyewe si ngome kila siku. Majirani zetu wa Kenya wamelijua hilo kwa uchungu. Agnes Tirop, bingwa wa dunia wa mbio za nyika mwaka 2015, aliuawa kwa kuchomwa kisu nyumbani kwake Iten mwezi Oktoba 2021, akiwa na umri wa miaka 25. Mwezi mmoja tu kabla yake alikuwa amevunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za barabarani za wanawake watupu. Mumewe alishtakiwa kwa mauaji, naye akakana shtaka. Rebecca Cheptegei, raia wa Uganda aliyekimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto na aliyekuwa mwenzi wake, nyumbani kwake katika kaunti ya Trans Nzoia, tarehe 1 Septemba 2024. Alifariki dunia siku nne baadaye hospitalini Eldoret. Chanzo kilichotajwa ni ugomvi wa kiwanja alichokinunua na nyumba aliyoijenga. Baba yake alieleza kuwa familia ilikwisha kutoa taarifa polisi kabla ya msiba huo.

Wanawake hawa walikuwa wamekimbia maelfu ya kilomita katika njia za vumbi, na hatari iliwakuta mlangoni kwao. Wanariadha wenzake Tirop waliunda shirika la Tirop's Angels ili mabinti wanaoanza kupata fedha za mbio wawe na pa kusemea pale mume, mchumba au msimamizi anapoanza kushika kadi ya benki na hati za mali. Mzazi wa Singida mwenye binti hodari asidhani kuwa hayo ni ya Kenya peke yake. Amuulize mapema: zawadi ya mashindano inaingia katika akaunti ya nani?

Barabara nayo haina huruma. Mwezi Julai 2023 jijini Mwanza, gari liliwavamia wanamichezo wa klabu moja wakiwa katika mbio zao za asubuhi na kuua watu kadhaa. Sisi tunapitiwa na barabara kuu itokayo Dodoma kwenda Nzega na Mwanza, yenye malori ya masafa marefu ambayo madereva wake huenda wamekesha. Penye kukosekana njia ya waenda kwa miguu, mkimbiaji ashike upande wa kulia ili ayaone magari yanayomjia usoni, na kundi liende mstari mmoja. Buibui jeusi halionekani gizani; mtandio mweupe au kizibao cha kuakisi mwanga huonekana. Na masikio yaachwe wazi. Mwenye kuziba masikio kwa kaswida hasikii bodaboda, wala hasikii hatua za mtu nyuma yake kwenye vichochoro vya majabali yetu yanayoficha watu hata mchana.

Kuhusu vikundi vya mbio, tunavipenda, kwani mwenye wenzake humfikii kirahisi. Lakini kikundi kinaweza pia kuwa mlango wa ubaya. Mwalimu anayemtaka binti abaki peke yake baada ya wenzake kuondoka, anayemwandikia ujumbe usiku wa manane, au anayeahidi safari ya mashindano kwa sharti la siri, huyo asipewe udhuru kwa sababu anasali safu ya mbele. Sheria ya kukatazwa faragha ya mwanamume na mwanamke wa kando haina kifungu cha msamaha kwa makocha. Mzazi aulize kikundi kimesajiliwa wapi, nani kiongozi wa kike, na nani huhesabu watu wanapoondoka na wanaporudi. Kikundi kisichoweza kujibu hayo kisikabidhiwe mtoto.

Ikitokea shari, tunaomba jambo moja la familia: binti asiulizwe kwanza alikuwa amevaa nini. Kila kituo kikubwa cha polisi kina Dawati la Jinsia na Watoto. Namba ya dharura ni 112, na kwa watoto ipo 116. Aliyeingiliwa kwa nguvu asioge wala asifue nguo kabla ya kuchukuliwa fomu ya PF3 na kuonwa na daktari, na afike hospitali ndani ya saa 72, kwani dawa za kuzuia maambukizi ya Ukimwi hazifai zikichelewa zaidi ya hapo. Kumsitiri binti hakumaanishi kumficha mhalifu. Tumeziona nyumba zilizomaliza jambo kwa mbuzi na kikao cha wazee, na mtu yule yule akaendelea kuonekana njia ile ile.

Kwa sasa, basi, wenye kutoka Utemini na wangoje kupambazuke. Kuanzia saa kumi na mbili na nusu hivi, mama wa sokoni wamo njiani na watoto wa shule wamo njiani. Binti aseme anakwenda njia ipi na atarudi saa ngapi, na saa hiyo ikipita, mtu atoke kumtafuta.