Picha ya Droni Ikikatika: Hatua za Kufuata Kabla ya Kwenda kwa Fundi

Mashamba ya nyanya, vitunguu na maharagwe ya Kimana yamepakana na njia ambazo ndovu hutumia kusafiri kati ya Amboseli, Milima ya Chyulu na Tsavo. Kwa mkulima anayetaka kukagua ua alfajiri, au mfugaji anayetafuta ng'ombe waliopotea, droni yenye kamera inaweza kuokoa mwendo wa saa nzima. Katika nchi jirani ya Tanzania, pembezoni mwa hifadhi za Tarangire na Serengeti, walinzi wamewahi kutumia droni kuwaondoa ndovu mashambani.

Hata hivyo, kifaa hiki kinategemea picha. Picha ikikatika, anayeirusha hajui tena kama mbele kuna mti, waya wa stima au mtu. Wengi hukimbilia kununua kamera mpya, ambayo ni ghali, ilhali kasoro iko kwenye waya, antena au simu. Makala haya yanaeleza jinsi ya kutambua kasoro iko wapi.

Kwanza, irudishe ndege

Kupotea kwa picha si lazima kuwe na maana kwamba umepoteza uongozi wa ndege. Usisukume vidole ovyo kwenye rimoti. Inua macho, itafute ndege angani, kisha irudishe taratibu. Kama huioni na droni yako ina kitufe cha kurudi nyumbani, kibonyeze. Kitufe hicho kitakusaidia tu ikiwa kabla ya kuruka ulipanga kimo cha kurudi kinachozidi miti na nyaya zilizo karibu.

Ndege ikianguka vichakani, usiifuate peke yako ukiwa umeinamia simu, hasa jioni au alfajiri. Ndovu na nyati hawaonekani kirahisi kwenye migunga. Ikiwa kuna wanyama karibu, waite askari wa wanyamapori. Droni hununuliwa tena.

Swali la kwanza: kadi ina nini?

Droni nyingi hurekodi video kwenye kadi ya kumbukumbu iliyo ndani yake, na wakati huohuo hutuma picha hewani hadi kwenye rimoti au simu. Hizo ni njia mbili tofauti. Toa kadi, iweke kwenye kompyuta na utazame dakika zile picha ilipokatika. Hakikisha unatazama video ya kadi ya droni, si ile iliyohifadhiwa kwenye simu, kwa maana ya simu imekwisha kupitia hewani.

Video ya kadi ikiwa safi, kamera yako ni nzima na kasoro iko kwenye njia ya hewani au kwenye simu. Video ikiwa mbovu pia, kasoro iko kwenye kamera, nyaya zake au umeme unaoilisha.

Kadi ikiwa safi

1. Anza na simu. Funga programu nyingine, hakikisha ina nafasi, na uitoe juani. Simu ikipata joto kali hupunguza mwanga wa skrini na kasi yake. Jaribu simu nyingine ukiweza.

2. Badilisha waya wa kuunganisha simu na rimoti. Nyaya nyingine zinazouzwa madukani huchaji tu, hazipitishi picha.

3. Tazama antena. Usielekeze ncha ya antena kwenye ndege. Ubavu wake ndio unaotuma na kupokea vizuri. Kagua kama imelegea au imevunjika. Kwenye droni za kuunda mwenyewe, usiwashe kitumaji cha picha bila antena, kwa kuwa kinaweza kuungua.

4. Hama mahali. Droni nyingi hutumia masafa ya gigahezi 2.4 au 5.8, ambayo pia hutumiwa na Wi-Fi. Karibu na nyumba na maduka, mawimbi hugongana. Miti na vilima pia huzuia picha, kwa hiyo rusha mahali ambapo hakuna kitu kati yako na ndege.

Kadi ikiwa mbovu

Toa mapanga yote ya ndege kabla ya kuiwasha mezani. Mapanga yanayozunguka hukata vidole.

1. Picha ikitikisika kama uji, kagua mapanga kwanza. Panga lililopinda au kupasuka hutetemesha kamera.

2. Ikiwa kamera haisogei au droni inatoa onyo mara tu inapowashwa, angalia kama umesahau kifuniko cha kamera. Kisha tazama kama vumbi la Amboseli limejaa kwenye kiungo kinachoishikilia. Tumia brashi laini na kavu. Usipulize kwa mdomo, mate huingia ndani.

3. Picha ikiwa na ukungu asubuhi, lenzi imepata umande. Iache ikauke yenyewe kabla ya kuipangusa kwa kitambaa laini.

4. Rekodi ikisimama katikati, shuku kadi. Kadi yenye alama ya V30 imepimwa kuandika angalau megabaiti 30 kwa sekunde. Hifadhi video zako kwingine kwanza, kisha safisha kadi ukitumia droni yenyewe.

5. Picha ikikatika kila unapoongeza kasi, shuku betri au kiungo cha umeme kilicholegea. Betri iliyovimba isichajiwe wala kutobolewa, kwani inaweza kuwaka moto.

6. Skrini ikibaki nyeusi baada ya ndege kuanguka, huenda waya bapa unaounganisha kamera umechomoka au kukatika. Huu ni mwembamba kama karatasi. Hapo ndipo umpelekee fundi, na umweleze ulichokwisha kujaribu.

Kabla ya kuruka tena

Ukishatengeneza, ruka chini na karibu kwa dakika chache mahali pasipo na watu, ukiitazama ndege kwa macho yako.

Kumbuka pia kwamba droni husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege nchini (KCAA) chini ya kanuni za mwaka 2020. Mwenye droni awe na umri usiopungua miaka 18, aisajili na apate idhini ya kuirusha. Kwa kawaida haipaswi kuzidi futi 400 kutoka ardhini, wala kukaribia watu na majengo chini ya mita 50. Kurusha ndani ya hifadhi za wanyamapori au karibu na viwanja vya ndege, hata vidogo, kunahitaji ruhusa zaidi. Usiitumie kufukuza ndovu mwenyewe. Ndovu aliyeshtuliwa anaweza kukimbilia boma la jirani.

Na kamera ikipona, isichungulie nyumba za watu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inalinda taarifa za mtu binafsi, zikiwemo picha zinazomtambulisha. Mwarifu jirani kabla ya kupita juu ya shamba lake.