Punda, Dhahabu na Miguu: Nani Atauza Safari ya Mkolani hadi Geita?

Magari ya Geita yakishaiacha Nyegezi hayana habari na Mkolani, pembezoni mwa jiji la Mwanza. Yanapita mbio, yanaipita Buhongwa, na Usagara yanakata kulia kwenda Kigongo. Tangu Juni 19, 2025, daraja la Kigongo–Busisi lenye urefu wa kilomita 3 limefuta foleni ya vivuko, na ghuba iliyokuwa ikimla abiria saa mbili au zaidi sasa inavukwa kwa dakika chache. Mchuuzi wa sangara kashukuru. Ajabu ni kwamba haraka hiyo ndiyo inayoweza kuupa mwendo wa miguu kutoka Mkolani hadi Geita thamani sokoni, kwa kuwa mtu hulipia kutembea pale tu anapokuwa na hiari ya kupanda gari.

Biashara ya kutembeza wageni huku punda wakibeba mizigo si ngeni Tanzania. Nyanda za juu za Ngorongoro zinaiuza kwa miaka mingi: kutoka Nainokanoka hadi Bulati, ukingo wa kreta ya Empakaai, kijiji cha Nayobi, kisha mteremko mkali kuelekea Ol Doinyo Lengai na Ziwa Natron. Punda ni wa Wamasai, askari wa hifadhi anafuatana na msafara, mahema yanatangulia kambini. Mteja kwa kawaida hulipa kampuni ya mjini Arusha, nayo kampuni ndiyo inayopatana na mwenye punda. Hapo ndipo Mwanza inapaswa kufungua macho mapema, maana anayeshika mteja ndiye anayepanga bei, na mwenye punda hubaki na ujira wa kutwa.

Ngorongoro inauza mandhari. Mkolani ingeuza dhahabu, na simulizi yake ni nzito. Wajerumani waliitambua dhahabu ya Geita mwaka 1898. Mgodi ulichimbwa kuanzia miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966, ukarudi kwa sura ya machimbo makubwa ya kisasa mwaka 2000. Katikati ya vipindi hivyo viwili walimiminika wachimbaji wadogo, hasa biashara ya madini ilipolegezwa mwishoni mwa miaka ya 1980: Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu, Bulyanhulu. Walikwenda na sururu, karai na godoro, na nyuma yao mama lishe, madalali na wenye makarasha ya kusagia mawe.

Lakini muuzaji asimdanganye mteja. Misafara ya kale ya bara haikutegemea punda; ilitegemea mabega ya Wanyamwezi na Wasukuma, kila mpagazi na mzigo wa kilo 30 hivi. Mbung'o waliua wanyama. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walitoka pwani mwaka 1857 na punda, wengi wakafia njiani. Speke alipofika Mwanza Agosti 3, 1858, mizigo yake ilikuwa mabegani mwa wapagazi. Mgeni akiambiwa ukweli huo hapungukiwi na kitu. Kule Alaska, njia ya White Pass iliyoelekea dhahabu ya Klondike inakumbukwa kwa farasi wapatao 3,000 waliokufa humo mwaka 1897 na 1898, na msiba huo umekuwa sehemu ya kinachowavuta watalii. Njia jirani ya Chilkoot, kilomita 53, leo hutembewa kwa kibali na kwa idadi maalumu ya watu kwa siku.

Tuje kwenye hesabu. Chukua wageni sita, kila mmoja na begi la kilo 15. Ongeza mahema, vyombo, chakula na maji, tuseme kilo 150. Jumla kilo 240. Kwa kiwango cha Kilimanjaro cha kilo 20 kwa kila mgumu, yaani mpagazi wa mlimani, unahitaji wagumu 12. Punda aliyefungwa sogi vizuri anachukua kilo 50 bila kuteswa, hivyo watano wanatosha, pamoja na wachunga wawili. Wagumu 12 wanataka kula na kulala. Punda anakula majani ya njiani.

Mwendo wenyewe ni zaidi ya kilomita 100, siku sita hivi, kwa vijia vya vijijini, si kando ya lami penye malori. Na punda wasipelekwe darajani. Mizigo ivushwe kwa gari, wageni watembee kwenye njia ya waenda kwa miguu, punda wakodiwe Busisi. Mkolani ibaki na ofisi, stoo, malazi ya usiku wa kwanza na waongozaji. Mwisho wa safari mgodi mkubwa umezungushiwa uzio, kwa hiyo kituo cha kuona kazi kitakuwa kwa wachimbaji wadogo, kwa idhini ya mwenye leseni. Wageni wakae mbali na midomo ya maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, na mbali kabisa na mialo ya kuchenjulia inayotumia zebaki. Bima hapo si jambo la kuahirisha.

Mnyama mwenyewe ana historia ya karibuni. Mahitaji ya ngozi kwa ajili ya dawa ya Kichina ya ejiao yaliwapeleka punda wengi machinjioni, Shinyanga ikiwa mojawapo, mpaka serikali ikazuia, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukapiga marufuku biashara hiyo barani kote. Punda aliyenusurika sasa anaweza kupewa kazi nyingine yenye malipo.

Kikwazo kigumu zaidi naona ni kalenda. Wageni huja kwa wingi Juni hadi Septemba, wakati wa kiangazi. Miezi hiyohiyo Usukuma inavuna pamba na kusomba mahindi, na punda yuko shambani. Mwenye punda hataangalia kama mgeni analipa dola. Atalinganisha kodi ya siku sita na magunia ambayo punda huyo angesomba, akijumlisha jirani anayemdai zamu yake. Kampuni itakayokwenda Busisi kupatana bei iende Machi, na iende na malipo ya awali.