Maarifa ya Nje na Uvumbuzi wa Viwandani: Mfano wa Transista

Hudhaniwa mara nyingi kwamba kampuni ya ufundi huvumbua mambo kwa akili ya wataalamu wake peke yao. Historia ya transista yaonyesha vingine. Kifaa hiki, kilichochukua mahali pa taa za kioo ndani ya redio, kilibuniwa Marekani mwezi wa Desemba 1947 katika maabara ya Bell. Mwaka 1952 kampuni nyingine zilipewa ruhusa ya kukitengeneza kwa malipo ya kwanza ya dola 25,000. Miongoni mwa walioitaka ruhusa hiyo ilikuwako kampuni changa ya Kijapani, Tokyo Tsushin Kogyo, iliyoanzishwa 1946 na kuitwa Sony tangu 1958.

Lakini ruhusa si maarifa. Mkataba humpa mtu haki ya kutengeneza kitu. Haumpi ustadi wa kukitengeneza. Kwa hiyo, mwaka 1954, mhandisi Kazuo Iwama alizuru viwanda vya Marekani, akatazama, akauliza, na kuwapelekea wenzake Tokyo barua zenye maelezo na michoro. Barua hizo zilikuwa kazi ya tafsiri hasa: si tafsiri ya maneno tu, bali ya mambo ya mikono ambayo vitabu havikuyataja.

Tena, Wajapani hawakupokea kila walichoambiwa. Wamarekani waliwashauri kwamba transista yafaa vyombo vya kuwasaidia wasiosikia vizuri. Wao wakaazimia kutengeneza redio. Walijaribu kuchanganya fosforasi katika madini ya germaniamu, ingawa maabara ya Bell ilikuwa imeiacha njia hiyo. Mwaka 1955 redio yao ya kwanza ya transista, TR-55, iliuzwa. Wamarekani walikuwa wamewatangulia kwa muda usiofika mwaka mmoja. Katika uchunguzi wa germaniamu yenye fosforasi nyingi, Leo Esaki aligundua mwaka 1957 jambo jipya la fizikia, lililompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1973. Hivyo maarifa yaliyoazimwa yalirudi ulimwenguni yamezaa.

Wesley Cohen na Daniel Levinthal walieleza mwaka 1990 kwamba kampuni hunufaika na maarifa ya nje kwa kadiri ya utafiti wake yenyewe, kwa sababu asiyejua hawezi kutambua lenye faida. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini yampasa mwenyeji kuifahamu lugha ya mgeni wake. Anayenunua ruhusa pasipo kuwafundisha watu wake atabaki mnunuzi siku zote.